Futa Neno Nanganga Uone Kinachobaki

Haya washkaji, ile wiki imefika. Fomu za mada za utafiti wa mwaka wa tatu zinatakiwa Ijumaa saa kumi jioni, na tangu juzi foleni nje ya milango ya masupavaiza inaishinda ile ya kusaini bumu. Jana nimesimama humo saa mbili nzima. Sikuwa na desa la kusoma, nikawa nachungulia karatasi za watu. Nimechungulia kama kumi na nne hivi. Nawaambieni ukweli, nilikuwa nasoma karatasi ileile moja.

Si mnazijua. Mchango wa kitu fulani katika kuboresha kitu fulani nchini Tanzania: uchunguzi kifani wa kata fulani. Natafsiri tu, maana zenyewe ziko kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza zinang'aa kama kiatu cha harusi. Mchango wa VICOBA katika kuinua maisha ya wanawake. Mchango wa simu za mkononi katika kilimo. Athari za mitandao ya kijamii kwa vijana. Halafu nukta mbili, halafu jina la mahali. Kinondoni inaongoza kwa sababu daladala inafika. Wa mikoani wanaandika kata za kwao, ili nauli ya likizo na nauli ya utafiti iwe moja.

Hilo la nauli silipingi hata kidogo, mimi mwenyewe nahesabu mia mia. Ninachopinga ni hizo nukta mbili. Mahali panapokuja baada yake huwa hapafanyi kazi yoyote. Ni kama lile pazia la studio ya picha: umekaa kwenye stuli pale Kariakoo, nyuma yako maporomoko ya maji. Ukibadilisha pazia ukaweka ndege, wewe ni yuleyule na stuli ni ileile.

Kilichonikosesha usingizi ni mada ya dada mmoja wa chumba cha jirani. Yeye kwao ni upande wa Nanganga, mimi kwetu Masasi mjini, kwa hiyo likizo tunapanda basi moja na tunagawana mihogo njiani. Alikuja na swali lake limeandikwa kwa mkono kwenye daftari: korosho za Nanganga zinauzwa upande gani, na kwa nini? Akalipeleka. Akaambiwa ni finyu mno, halina teori, halina maandiko ya kutosha. Akashauriwa aandike mchango wa simu za mkononi katika upatikanaji wa soko la korosho: uchunguzi kifani wa kata ya Nanganga. Maandiko yapo tele, dodoso lipo tayari, programu ya takwimu atafundishwa. Sasa amekaa na karatasi mbili mezani na yuko njiani kuchukua ya pili, maana anataka kuhitimu, na nani hataki?

Mimi naandika hapa ili asiichukue. Na nyie wengine pia.

Kwa wale wa Mwanza na Arusha niwaeleze kwanza Nanganga ni wapi. Ukitoka Lindi au Mtwara unaingia barabara ya Masasi pale Mingoyo, unapita Mtama, unapita Nyangao, unafika njiapanda. Mkono wa kulia barabara inakwenda Ruangwa, kilomita hamsini na kitu, na miaka ya 2020 imekuwa ikijengwa kwa lami. Ukinyoosha mbele unafika Ndanda, kisha Masasi. Njiapanda hiyo ndiyo Nanganga. Na tafadhali msije mkaandika kwenye utangulizi kwamba iko juu ya uwanda wa Makonde kwa kuwa tu iko Mkoa wa Mtwara. Uwanda uko kusini, kule Newala ambako bibi zetu walikuwa wakishuka mteremko kuchota maji bondeni na kuyapandisha kichwani. Nanganga iko chini, bonde la mto Lukuledi. Tofauti ya maji tu hapo ni mada nzima, ila leo sina muda nayo.

Cha muhimu ni mpaka. Kata ya Nanganga ni Wilaya ya Masasi, Mkoa wa Mtwara. Nyangao uliyoipita muda mfupi kabla ni Mkoa wa Lindi. Ruangwa unayoelekea ukikata kulia ni Mkoa wa Lindi. Yaani ni kona ya mkoa, imechomoza kama kiwiko. Kwa mtu wa kawaida hilo si kitu, mashemeji wako pande zote na mipaka ya mkoa haizuii mtu kwenda msibani. Kwa korosho ni jambo kubwa.

Tangu mwaka 2007, mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza Mtwara, mkulima hatakiwi kumuuzia mfanyabiashara mkononi. Anapeleka korosho kwenye chama chake cha msingi, AMCOS, zinapimwa kwenye mizani, zinapangwa daraja, zinapelekwa ghala kuu, zinanadiwa, makato yanakatwa, ndipo fedha inaingia benki. Mnada unasimamiwa na vyama vikuu, na kila chama kikuu kina eneo lake. Masasi iko MAMCU. Newala na Tandahimba wako TANECU. Ruangwa, Nachingwea na Liwale wako RUNALI. Mnada wa huku una siku yake na bei yake, wa kule una siku yake na bei yake. Malipo nayo hayaingii siku moja.

Sasa weka mkulima mwenye mikorosho karibu na huo mpaka. Ana ndugu upande wa pili. Anasikia kwa simu kwamba mnada wa upande wa pili umekwenda vizuri wiki hii. Mtoto anatakiwa shule Januari na malipo ya mnada wa kwanza bado hayajaingia. Pia kuna mtu wa kangomba, yule anayekuja na bakuli na fedha taslimu kabla msimu haujafunguliwa, anapima kwa bakuli lake, anachukua kwa bei ya kutupa. Mkulima huyo ana milango mingapi? Anachagua upi, mwezi gani, na nani ndani ya nyumba anaamua? Mume aliyeandikishwa chama cha msingi, au mke aliyeokota korosho tangu alfajiri?

Weka kidole juu ya neno Nanganga kwenye swali la yule dada. Swali linakufa. Huwezi kuliuliza Kinondoni, huwezi kuliuliza Newala mjini, hata Masasi mjini halina nguvu, maana mpaka uko mbali. Sasa weka kidole juu ya neno Nanganga kwenye ile mada ya simu za mkononi. Je, kuna kilichotikisika? Andika Mbozi na kahawa, andika Shinyanga na pamba, dodoso ni lilelile, jedwali ni lilelile, na hitimisho mnalijua kabla hata hamjapanda basi: simu zina mchango mkubwa, ila kuna changamoto za mtandao na gharama za vocha, serikali na wadau waangalie.

Jaribu kidole hicho kwenye karatasi yako kabla ya Ijumaa. Kama ukifuta mahali hakuna kinachoanguka, ujue huna mada bado. Una kichwa cha habari.

Najua nitaambiwa nini, nimeshaambiwa cafeteria. La kwanza ni teori. Jamani, teori si kibali cha kuingilia getini kwamba lazima uioneshe ndipo upite. Goran Hyden aliandika kwenye Beyond Ujamaa in Tanzania, kitabu cha mwaka 1980, kwamba mkulima mdogo hajatiwa mkononi na dola, kwamba bado ana pa kutokea. Tumekisikia darasani, tumekikariri, tumekijibia mtihani. Nani kati yetu amewahi kukipeleka mahali akakipima? Nanganga ndipo pa kukipimia. Mkulima wa mpakani mwenye vyama vikuu viwili na bakuli la kangomba ametiwa mkononi au hajatiwa? Hiyo ndiyo teori inafanya kazi. Kuibandika ukurasa wa kumi na mbili na kutoigusa tena mpaka mwisho ni pambo jingine tu.

La pili, maandiko hayatoshi. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Tunaambiwa kazi ya utafiti ni kutafuta pengo, halafu ukilileta pengo unaambiwa hapa hapana kitu. Ndiyo maana yake! Na si kweli kwamba Kusini hakuna maandiko. Karl Weule, Mjerumani, alipita Masasi na Newala mwaka 1906, akarekodi nyimbo za watu kwa fonografu, akatoa kitabu mwaka 1908. Mmarekani J. Gus Liebenow alitoa kitabu juu ya Wamakonde na utawala wa kikoloni mwaka 1971. Felicitas Becker alitoa chake mwaka 2008 juu ya Uislamu ulivyoingia vijijini Kusini. Angalia majina hayo. Sisemi wasingekuja, Weule tusome kwa tahadhari zote za mkoloni, wengine heshima zao. Nasema hivi: mtu anatoka Leipzig anaona Newala kuna swali, mimi wa Masasi nafundishwa kwamba kwetu hakuna mada.

Na wanafunzi wa hapa nchini waliwahi kuonyesha njia. Mwaka 1968 idara ya historia ya chuo kikuu cha Dar es Salaam ilituma wanafunzi wa shahada ya kwanza, watu wa umri wetu, warudi maeneo ya kwao kuwahoji wazee juu ya Vita vya Majimaji. John Iliffe na Gilbert Gwassa walikuwa katika kazi hiyo. Piga hesabu. Vita vilianza Julai 1905. Kijana aliyekuwa na miaka kumi na tano siku hizo, mwaka 1968 alikuwa na sabini na nane. Wale wanafunzi waliwawahi ukingoni kabisa. Karatasi zao zilikusanywa mwaka 1969, na mpaka leo mwanahistoria yeyote anayeandika juu ya Majimaji lazima azipitie, apende asipende. Zile hazikuwa tasnifu za udaktari. Zilikuwa kazi za wanafunzi waliokwenda kukaa kwenye mkeka wa mzee, wakasalimia shikamoo, wakauliza jambo ambalo mzee yule peke yake alikuwa nalo. Misheni ya Nyangao, hapo tu kabla hujafika Nanganga, ilichomwa Agosti 1905. Aliyeuona moshi ule hayupo tena. Kama hakuulizwa mwaka 1968, imekwisha.

Sasa jiulize ni nani wako ukingoni leo. Aliyekuwa na miaka ishirini wakati watu wanahamishiwa vijijini mwaka 1974 ameshavuka sabini. Aliyekuwa mtoto wa miaka kumi wakati treni ya Kusini ingali inatembea, ile reli iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Nachingwea ikaja kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, naye yuko huko huko au zaidi. Wamebaki wachache, na hawatasubiri tumalize kuandika juu ya mitandao ya kijamii.

La tatu wanalosema ni pesa na vibali, na hapa nawaelewa. Barua ya chuo, kisha kwa katibu tawala wa mkoa, kisha wilaya, kisha mtendaji wa kata, kisha mtendaji wa kijiji, kila meza ina muhuri wake na kila muhuri una mwenyewe aliyetoka kidogo. Lakini angalieni, mada ya simu za mkononi nayo inapita meza hizohizo! Hakuna foleni fupi ya mada mbovu. Isipokuwa kama hukusudii kwenda kabisa, unakusudia kujaza madodoso themanini mwenyewe kitandani kwa kalamu za rangi tatu. Na hapo ndipo penyewe. Mada isiyohitaji mahali inakuruhusu usiende mahali. Ndiyo inayolisha zile steshenari zinazouza kazi za watu kwenye flashi, unabadilisha jina la kata na mwaka, unachapa, unabandika jalada gumu la bluu. Mnaulaumu wizi wa kazi kila semina, mnaleta programu za kuukamata, lakini mada zenyewe zimeshonwa saizi moja ya kumvaa yeyote. Nguo ya mtumba haijui mwenyewe.

Hoja pekee iliyonifanya nikae kimya kidogo ni ya kaka mmoja wa mwaka wetu. Aliniuliza: utamuulizaje mtu kama anauza korosho kwa kangomba, wakati ni kosa? Hapo kasema kitu. Na si kangomba tu. Mkumbuke msimu wa 2018. Oktoba wakulima walizikataa bei za minadani, Novemba 12 Rais Magufuli akatangaza serikali itanunua yote kwa shilingi 3,300 kilo, jeshi likabeba. Halafu ukaja uhakiki: una shamba wapi, ekari ngapi, mikorosho mingapi, mbona kilo zako ni nyingi hivi? Waliokuwa wakisakwa ni watu wa kangomba, lakini maswali waliulizwa wote, na malipo yakaburuzwa mpaka mwaka 2019. Kwa hiyo mgeni anayeshuka njiapanda na karatasi akaanza kuuliza una mikorosho mingapi, kwa mtu wa huko si mwanafunzi. Ni mhakiki. Atapewa majibu mazuri sana, yamenyooka, na hakuna hata moja la kweli.

Sasa dodoso la simu za mkononi linalijua hilo? Halijui. Swali lake namba tatu ni ukubwa wa shamba, namba nne ni kilo za msimu uliopita. Yule dada analijua, kwa sababu alikuwepo nyumbani baba yake alipoulizwa. Mpango wake ulikuwa asiulize mtu ameuza wapi kabisa. Alitaka akae mwezi mzima karibu na chama cha msingi, aangalie korosho zinaingia lini na kwa wingi gani, alinganishe na tarehe za minada ya pande zote mbili. Takwimu za minada hutangazwa, si siri. Halafu azungumze na watu juu ya mambo yasiyo na kosa: ada inalipwa lini, salfa ilinunuliwa kwa mkopo wa nani, magunia yalifika lini. Majina asiandike. Kama korosho zinapungua chama cha msingi wiki ambayo bei ya upande wa pili imepanda, mwenye macho ataona bila mtu kujishtaki. Mimi nilipomsikia nikasema huyu si wa shahada ya kwanza huyu. Na mada hiyo ndiyo iliyoitwa finyu.

Finyu! Bonde zima linaishi kwa jambo hilo. Viongozi wa ushirika wanataka kulijua, mkulima anataka kulijua, mwenye bakuli ndiye pekee anayelijua kwa uhakika na yeye haandiki tasnifu.

Sisemi kila mtu aandike juu ya korosho. Mwenye Kinondoni yake aende, ila aandike kitu cha Kinondoni. Mama lishe wa njiapanda ya Nanganga, abiria wa Ruangwa wakishuka kwake kusubiri gari na wasiposhuka, ni mada. Maji ya Newala ni mada. Sitaki orodha hapa, kila mtu ana kwao na kwao kuna jambo ambalo watu wanalibishania jioni. Masupavaiza nao, najua mna wanafunzi thelathini kila mmoja na mishahara ni ileile, lakini mwanafunzi akija na swali alilolibeba kutoka nyumbani, msimpe la dukani.

Dada wa chumba cha jirani, najua unasoma hapa, usijifanye. Msimu unafunguliwa Oktoba. Ukipeleka ile ya daftari Ijumaa, barua ya utambulisho uianze Jumatatu, meza ya mkoa Mtwara utaimaliza ndani ya wiki mbili kama muhuri hujasafiri. Ukichelewa mpaka Januari utakuta ghala linafagiliwa. Nauli ya kwenda ninayo nusu, nitakukopesha, bumu likitoka unirudishie.